Mzee Arsenio, Aliyekataa Weusi wa Aina Moja

Baada ya miaka thelathini na moja katika Kituo cha Kumbukumbu cha Chuno, mpigapicha wetu Arsenio Nankoma anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Aliajiriwa mwaka 1994 kusafisha filamu, na anaondoka akiwa mkuu wa chumba cha picha. Katika miaka hiyo amebishana na kila mmoja wetu walau mara moja, na mara nyingi, tukubali tu, yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Ubishi wake mkubwa ulihusu printa. Mwaka 2022 alikuja Celia, mkulima wa Kilambo, kuomba picha ya marehemu mama yake. Arsenio mwenyewe ndiye aliyempiga picha mama huyo mwaka 1996, na kwao haikubaki nyingine. Wajukuu hawakuwahi kuiona sura ya bibi yao. Tukamchapia kwa printa yetu ya barua. Uso ukatoka na ukijani kwa mbali, na chale zote za Kimakonde zimemezwa na weusi. Celia akaitazama, akasema, "Hapana, baba, huyu si mama angu," akaiacha picha juu ya kaunta.

Siku hiyo Arsenio hakula chakula cha mchana. Kesho yake akaanza vita.

Kassimu wa manunuzi, mtu wa amani, alikwisha kuchagua printa mpya ya rangi yenye wino mmoja tu mweusi. Kwake yeye nyeusi ni nyeusi. Arsenio akamwambia atazame mkono wake mwenyewe, mgongoni na kiganjani, ahesabu weusi uko wa aina ngapi. Akaeleza, kikao baada ya kikao, kwamba printa ya namna ile huunda kijivu kwa kuchanganya rangi, ndiyo maana watu wanatoka kijani. Alitaka yenye wino mweusi, wa kijivu, na wa kijivu hafifu. Vikao vitatu vikamkatalia.

Basi akawaomba wauzaji watano wachape picha ileile ya mama Celia. Akazibandika ukutani bila majina ya mashine, akatuburuta tuzitazame mlangoni penye jua, kisha chini ya taa. Nakala nyingine aliziacha dirishani miezi miwili, mbili zikapauka. Siku ya kuchagua, Kassimu alinyoosha kidole bila kusita kwenye ile ya wino wa aina tatu. Mpaka leo tunamtania.

Printa ikanunuliwa, picha ikachapwa upya, Celia akaitwa. Alipitisha kidole kwenye chale za kidevuni, mstari mmoja mmoja, kisha akamwamkia mama yake kwa Kimakonde. Arsenio alitoka nje akidai vumbi limemwingia machoni, ingawa mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri.

Mzee wetu, ahsante kwa kazi na kwa ubishi. Kapumzike Mtawanya, ukaihudumie mikorosho yako kwa afya na furaha. Ulimrudishia mtu mama yake. Wengi wetu tutastaafu bila kufanya jambo kubwa kama hilo.

Mwanahawa, Masjala