Mwalimu Xaveria na Milango Thelathini na Moja

Mwalimu Xaveria Tluway, Mama Careen, ametumikia Kituo chetu cha Mafunzo Kazini hapa Bagara kwa miaka ishirini, miezi mitatu na siku ishirini na saba. Leo, Ijumaa tarehe 30 Juni 2023, anatimiza miaka sitini na anastaafu. Nimeanza na hesabu kwa sababu wasifu wa mstaafu huanza hivyo, ila yeye angeikata. Angesema, Luqmani, msomaji wako ana dakika nne na simu yenye chaji asilimia kumi na moja, mpe la maana kwanza. Haya, la maana ni hili: mama huyu alilitoa darasa hapa Bagara akalipeleka kwenye simu za wakunga wa vijijini, na mimi, fundi wa kompyuta wa kituo, nusura nimharibie kazi yote kwa taa mbili na wimbo wa utangulizi.

Alifika Machi 2003, Mkoa wa Manyara ukiwa mchanga kabisa, kituo kikiwa vyumba viwili vilivyowahi kuwa ghala la mahindi. Alitoka Mbulu, alikokuwa mkunga kwa miaka mingi. Alikuja na sanduku la bati na mdoli wa kitambaa aliyemshona mwenyewe, wa kufundishia namna ya kumpokea mtoto anapozaliwa. Mdoli huyo anaitwa Damasi. Sanduku lilikuwa limejaa, basi akambeba Damasi mgongoni kwa kanga, na ndani ya basi baba mmoja mstaarabu akampisha kiti. Mwalimu anashikilia mpaka leo kwamba hakumdanganya mtu. Aliulizwa kama mtoto anaumwa, akajibu hapana. Kwa makadirio yetu Damasi amezaliwa hapa kituoni zaidi ya mara elfu nne, na bado hajaanza shule.

Miaka hiyo mafunzo yalikwenda kwa utaratibu mmoja tu. Nesi aliitwa mjini, akakaa wiki tatu, akala wali maharage wetu, akarudi na cheti. Hakuna aliyeona tatizo mpaka mwaka 2011. Sikuwepo, nimesimuliwa, na aliyenisimulia ni Nesi Mwanne mwenyewe. Mwanne alikuwa, na bado yuko, nesi pekee wa zahanati ya kijiji kilicho mwendo wa saa tatu kwa bodaboda kutoka Bonga. Alipoitwa Bagara alifunga mlango akabeba ufunguo. Siku ya tisa ya mafunzo, saa nne asubuhi, mama mmoja alifika pale na uchungu, akakuta kufuli. Alijifungulia kwenye benchi la nje, mzee Teodori, mlinzi wa zahanati, akishika kanga huku amegeuza uso upande wa pili. Mungu saidia, mama na mtoto walipona.

Habari ilipofika darasani, Mwalimu Xaveria aliweka chaki mezani. Mwanne anasema yalikuwa maneno machache, na hayajamtoka: "Nimemwita mkunga aje kujifunza kuzalisha, na mama kazaa mlangoni kwake peke yake. Hapa anayestahili kurudishwa shule ni mimi."

Tangu siku hiyo kila kikao cha mwaka alisimama kuuliza swali lile lile: kwa nini nesi alifuate somo, somo lisimfuate nesi? Alijibiwa kwa upole kwamba hakuna mtandao, halafu kwamba hakuna simu, halafu kwamba hakuna fungu. Minara ikajengwa, simu za tachi zikafika mpaka machungani, naye bado amesimama. Mwaka 2020 Mkuu wetu wa Kituo, Ndugu Konstantini, akakubali, kwa sharti. Wakunga thelathini na moja wa zahanati zenye nesi mmoja wangesomea kwenye simu kwa miezi sita. Ishirini wakimaliza ifikapo tarehe 30 Novemba, utaratibu unaendelea. Wakipungua hata mmoja, kila mtu afunge mlango wake aje Bagara kama zamani.

Sasa niungame. Somo la kwanza tulilirekodi mwezi Juni, na tulilirekodi kama sisi tunavyojua kufanya jambo la heshima. Tulianza kwa sala, ya Kikristo kisha ya Kiislamu. Ukafuata utambulisho wa meza kuu, aliyekaa kulia akimtambulisha aliyekaa kushoto, naye akimrudishia. Akaalikwa mgeni rasmi, akasema itifaki imezingatiwa, kisha akaizingatia upya kwa majina. Mimi nikaongeza taa mbili, wimbo na nembo ya kituo inayozunguka, kwa kuwa nilikuwa nimejifunza kuizungusha wiki ile na nilijiona fundi kwelikweli. Mwalimu Xaveria alifungua mdomo kufundisha dakika ya ishirini na sita.

Bando za wakunga ziliisha, kwa wengi, dakika ya kumi na nane.

Swali la jaribio lilikuwa moja: mtoto akizaliwa asilie, unaanza na nini? Majibu yalipokuja tuliyasoma ofisini kwangu. Mmoja aliandika kwa adabu sana kwamba unaanza na kumshukuru mgeni rasmi. Mwingine akaomba radhi kwamba hakufika huko, ila amependezwa na tai ya Mkuu. Mwalimu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Halafu akafunga mlango wa ofisi, akakaa. Nilimwona ameogopa, na mimi nikaogopa naye, maana sote wawili tulikuwa tunaiona kufuli ya Mwanne.

Alichofanya baadaye ndicho ninachotaka vijana wa kituo hiki wakishike. Hakununua mtambo. Alipiga simu thelathini na moja kwa siku mbili. Hakuwauliza kama somo ni zuri, kwa sababu, alisema, mtu wa kwetu ukimuuliza hivyo atakujibu zuri hata kama hajaliona. Aliwauliza walikuwa wamekaa wapi walipolifungua, kwa simu gani, na mikono yao ilikuwa na nini. Ilibainika wanasoma kati ya mgonjwa na mgonjwa, wamesimama, mkono mmoja una kadi za kliniki.

Basi somo likawa sauti ya dakika nne na picha tatu. Jambo moja tu kwa somo, na jambo hilo lianze sentensi ya kwanza. Ukishasikiliza, chukua mdoli wako, ushone mwenyewe, fanya, jirekodi, tuma, na Mwalimu atakujibu kabla hajala chakula cha jioni. Alijibu kweli. Kuna majirani Bagara walidhani mama huyu anagombana na watu kwenye simu kila siku saa kumi na mbili.

Na kabla somo halijatumwa lilipitia mtihani wa Mutuka. Huko Mutuka, jirani yetu, yuko Mama Najma, muuza nyanya, mwenye simu iliyopasuka kioo na mtandao wa kubahatisha. Somo lilifunguliwa kwenye simu ile, Mama Najma akilisikiliza huku akihudumia wateja, kisha ilibidi alieleze kwa maneno yake. Akishindwa, kosa ni letu. Masomo niliyoyasoma mimi mwenyewe aliyakataa mara saba. Lile la kuosha vifaa aliniambia sauti yangu inamfanya asinzie na wateja wanamuibia fungu la nyanya. Leo Mama Najma anajua kumkausha mtoto na kumsugua mgongo kuliko baadhi yetu wenye vyeti.

Ndugu Konstantini alisikitika kwamba masomo yametolewa bila itifaki. Namheshimu sana, na ndiye anayesaini likizo yangu. Mwalimu akamtengenezea somo la ziada, la thelathini, lenye salamu zote, sala zote na meza kuu nzima. Kompyuta huhesabu waliolifungua. Ni mtu mmoja, mara tatu, na sote tunamjua.

Novemba ikafika. Wakunga walikuwa wanamaliza mmoja mmoja, tukiandika majina ubaoni kwa chaki. Kumi na tano. Kumi na nane. Tarehe 29 tulikuwa na kumi na tisa, na hapo pakagoma. Mnara wa upande wa akina Mwanne ulikuwa umezimika siku kumi na moja, na huko walikuwa wakunga wanne. Mwalimu hakula siku ile, na kumbukeni huyu ni mtu asiyekosa makande yake. Alinituma mara tano nikaangalie kama simu yake ni nzima. Ilikuwa nzima.

Jumatatu tarehe 30, saa tano asubuhi, mnara ukawaka, na ujumbe wa sauti wa Mwanne ukaingia. Ulikuwa wa zoezi la mwisho, mtoto asiyelia. Mwanne alisema kwa haraka, pumzi juu juu: "Mwalimu, samahani, hili nimelifanya juzi, na sikutumia mdoli." Kisha akaeleza hatua, moja baada ya nyingine, alivyomkausha, alivyomsugua mgongo, alivyoshika mfuko wa kumpulizia hewa. Halafu, akisema mama wa mtoto ameridhia tusikie, akasogeza simu, na tukasikia kitoto kinalia kwa hasira, kimechukizwa na dunia nzima.

Mwalimu Xaveria alimpa alama zote. Kisha, kwa kuwa ni yeye, akamkumbusha kwamba zoezi la mdoli bado linasubiriwa na mwisho ni saa kumi. Mwanne alilituma saa nane. Wale watatu wenzake wakafuata, tukafunga hesabu na ishirini na tatu. Baada ya hapo Mwalimu alitoka akaenda nyuma ya ghala la zamani akalia, na mimi nililia mbele ya kompyuta, ambako angalau kuna kiti.

Tangu hapo vituo vingine vimekuja kujifunza kwetu, na wote huomba kwanza kuona studio. Tunawapeleka Mutuka kwa Mama Najma. Nisimsifu kupita kiasi lakini. Mwalimu huyu huyu hajawahi kukumbuka kuzima kamera. Kikao cha mtandao cha mwaka juzi washiriki wa wilaya tano walimwangalia akichambua mahindi nusu saa nzima, na tukiri kwamba hakuna aliyeondoka.

Ahsante, Mama Careen, kwa kutufundisha kuuliza mikono ya mwanafunzi ina nini kabla ya kufungua vinywa vyetu. Damasi tutamtunza. Sherehe ya leo, kwa agizo lako, ina itifaki ya dakika moja, na Mkuu amefanya mazoezi.

Mtaona mstari wa tatu una viti thelathini na moja, na vyote viko wazi. Visiondolewe. Tuliwaalika wote, na majibu yalifanana. La Mwanne lilikuwa la sekunde tisa: "Mwambieni Mwalimu nampenda, ila siji. Leo siku ya kliniki, akina mama wameshafika."

Uende na heri, Mwalimu, na uishi miaka mingi yenye afya na makande. Leo hakuna zahanati iliyofungwa ili watu waje kukuaga.