Salamu za Fundi Mjaka na Trela ya Matemwe

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 1972, baada ya miaka ishirini na minne ya utumishi, Fundi Mjaka Hamad anavua ovaroli yake na kustaafu. Aliingia karakana yetu akiwa muosha magari, akapanda hadi fundi msaidizi, na tangu mwaka 1964 ndiye mkuu wa magurudumu na breki za matrela. Hakuna trela iliyotoka langoni bila idhini yake, na hakuna dereva ambaye hajamlalamikia kwa hilo.

Wenzetu wa bara wakisikia safari ndefu hufikiria siku tatu za vumbi. Hapa Unguja ukiondoka asubuhi, adhuhuri ardhi imekwisha. Fundi Mjaka lakini aliitayarisha trela ya Matemwe, pwani ya kaskazini, kama inayokwenda Kongo. Siku moja kabla ya safari aliipandisha kwenye jeki, akazivua beringi zote, akaziosha kwa mafuta ya taa, akazikausha, kisha akazisindilia grisi kwa kiganja, taratibu, kama anayekanda unga wa mandazi ya wakwe. Nati aliikaza, akairudisha nyuma kidogo, akalizungusha gurudumu kwa kidole na kulisikiliza. Ukimsemesha wakati huo hujibiwi.

Asubuhi ya safari dereva alitakiwa aivute trela hadi Mpendae na kurudi, maana beringi iliyokazwa mno hupata moto mwendoni. Hapo ndipo ulipokuja mtindo wake uliompatia sifa. Fundi Mjaka hakuamini kipimo chochote cha joto isipokuwa kiganja chake na maamkizi. Aliweka mkono kwenye kitovu cha gurudumu, akamwamkia dereva: hujambo, habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za wazee. Akiwamaliza wote na mkono bado upo, trela iende. Mkono ukitoka kabla ya watoto, gurudumu lifunguliwe. Madereva wenye haraka walijaribu kujibu kwa mkato. Naye akaanza kuwaulizia mashemeji. Wenye jamaa kubwa walinung'unika kwamba wanaonewa, maana kwao gurudumu lilitakiwa liwe baridi kama maji ya mtungini.

Sasa niseme wazi kwamba mimi, Silima wa stoo ya vipuri, si shahidi asiye na upande. Katikati ya mwaka 1968 nilipeleka posa kwa Wanu, binti wa Fundi Mjaka, na mshenga wangu alikuwa mjomba wangu Msabah, dereva wa trela hiyohiyo ya Matemwe. Posa ilipokelewa vizuri, tukaambiwa tungoje jawabu. Kabla jawabu halijatoka, Fundi Mjaka akasema barazani Mlandege, mbele ya watu na vikombe vyao vya kahawa, kwamba Msabah anakanyaga breki kama mshoni anayekimbiza cherehani kuamkia Sikukuu. Mjomba, ambaye alikuwepo, akajibu kwamba heri cherehani kuliko fundi anayepaka grisi kama samli ya bure. Wakanuniana. Ikapita Ramadhani, ikapita Sikukuu yenyewe, hawasemezani, na jawabu langu limekaa katikati yao. Nilikonda. Mshenga asiyeweza kumwamkia baba wa mchumba hana kazi, na kumbadilisha mjomba ni kuanzisha ugomvi mwingine.

Ikafika siku ya kupeleka mabati ya skuli Matemwe, kabla ya masika ya mwaka 1969. Mjomba akarudi kutoka Mpendae, Fundi Mjaka akaweka mkono kwenye kitovu, kisha akakumbuka kwamba dereva huyu hamwamkii. Kuutoa mkono hataki, kusema hataki. Akamwita Makungu, mlinzi wa langoni, ili amwamkie huyo badala ya dereva. Makungu hakuwa na mke, hakuwa na mtoto, wazee wake walishatangulia mbele ya haki, na alikuwa na usingizi. Alisema "Salama," akarudi kitini. Maamkizi yakaisha kabla kiganja hakijahisi kitu, na trela ikaruhusiwa.

Njiani, Kinyasini, gurudumu likatoa moshi. Dereva wa gari la abiria alituletea habari. Fundi Mjaka akabeba zana zake, mimi nikabeba beringi na kopo kubwa la grisi, tukamfuata mjomba. Grisi ilikuwa imeyeyuka na kumwagikia breki, kwa hivyo baada ya kubadilisha beringi na kusafisha, breki nazo zilitaka kurekebishwa. Kazi hiyo ni ya watu wawili, mmoja chini ya trela, mwengine kwenye pedeli, na maneno baina yao. Maneno yenyewe yakapitishwa kwangu.

"Mwambie akanyage," alisema Fundi kutoka chini.

"Mjomba, kanyaga."

"Mwambie nshakanyaga."

Tulikwenda hivyo gurudumu la kwanza. La pili nikaona kwamba ninawasaidia wazee wawili kunichelewesha kuoa. Nikaliweka kopo la grisi chini, nikakaa juu yake, nikawaambia kwa adabu kwamba simu imekatika. Kazi ikasimama. Watu wa Kinyasini walishakusanyika, na bibi mmoja akauliza kama aliyeko chini ya trela yu hai.

"Msabah," ikasikika sauti, "kanyaga."

"Nshakanyaga."

"Wachia."

"Nshawachia, Mjaka. Nnakusikia."

Walipomaliza, mjomba aliivuta trela mwendo mfupi, akarudi. Fundi Mjaka akaweka kiganja kwenye kitovu, akamwamkia. Za nyumbani, salama. Za watoto, salama. Alipofika kwa wazee, mjomba, ambaye si mjinga, akasema: "Wazee hawajambo. Ila pana kijana wetu, kakaa juu ya kopo pale, kila siku anauliza jawabu lake."

Mkono wa Fundi ulikuwa bado kwenye gurudumu. Akanitazama, akalitazama gurudumu, akasema: "Mwambie aje Ijumaa na watu wake." Ndipo akautoa mkono, akaamuru nati ilegezwe na tungoje gurudumu lipoe, jambo tulilolichukulia kuwa udhia wake wa kawaida. Matemwe walipata mabati yao kabla ya magharibi. Mimi na mjomba tulicheka njia nzima kwamba mzee amenaswa na mtindo wake mwenyewe.

Tangu siku ile Fundi Mjaka alijiwekea sharti: dereva aliyenuniana naye haondoki mpaka wapatane. Madereva wawili walipatanishwa kwa nguvu, mmoja wao hakuwa hata na habari kwamba wamegombana. Na walioondoka hapa asubuhi na matrela yake walirudi jioni kwa watoto wao, mwaka baada ya mwaka. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya.

Wiki hii Wanu, mke wangu, aliyasoma maneno haya, akaniambia nimekosea. Jioni ile ya Kinyasini baba yake alirudi nyumbani amefumba mkono, hataki kuufungua. Alipoufungua, kiganja kilikuwa kimeungua, malengelenge mpaka vidoleni, naye Wanu akampaka shubiri. Gurudumu lilikuwa la moto tangu "hujambo". Angeweza kuutoa mkono, maamkizi yakakatika na jawabu langu nalo, na hakuna ambaye angemlaumu.

Fundi Mjaka, baba yangu, karakana nzima inakushukuru, na mimi zaidi yao wote. Nenda ukapumzike nyumbani Mpendae. Tunakuombea afya na umri mrefu wa raha, na mikono yako isishike tena kitu cha moto kwa ajili yetu.