Vidole Vilivyotulia

ROSAIRE: Haloo? Ni nani huyo anayenihemea sikioni kama ng'ombe?

NORMAND: Haloo, kaka. Ni mdogo wako, Normand. Hamjambo hapo nyumbani?

ROSAIRE: Hatujambo. Shemeji yako Jeanne anakanda unga wa pai ya nyama. Mbona unasikika kama umo ndani ya pipa?

NORMAND: Nipo kwenye kibanda cha Mlima Cabot. Kilele kile pale, naki— [mkwaruzo] —nakiona dirishani.

ROSAIRE: Uko na nani?

NORMAND: Wendell.

ROSAIRE: Yule daktari wa meno.

NORMAND: Amestaafu.

ROSAIRE: Ameanza milima juzi, koti lake bado lina karatasi ya bei shingoni.

NORMAND: Usianze, kaka. Nimekupigia kwa habari njema. Kwenye orodha yetu ya vilele vya New Hampshire, hiki ndicho changu cha mwisho cha majira ya baridi. Vingine vyote nimemaliza. Bado kidogo tu, halafu—

ROSAIRE: Hivyo vingine ulipanda na nani?

NORMAND: Na wewe.

ROSAIRE: Ahaa. Nilidhani uzee umenisahaulisha.

NORMAND: Mguu wako, Rosaire. Ungeweza kweli?

ROSAIRE: Sikuulizwa, nitajuaje? Haya. Na miguu yako wewe?

NORMAND: Mizima. Asubuhi ilinisumbua, vidole vikawasha kama nimevipaka pilipili. Sasa vimetulia.

ROSAIRE: Vimetulia.

NORMAND: Kabisa. Wala sivisikii—

ROSAIRE: Hebu rudia, ujisikilize mwenyewe.

NORMAND: Sivi... sivisikii.

ROSAIRE: Umevaa nini?

NORMAND: Buti mpya. Wendell alinichagulia. Na soksi jozi tatu.

ROSAIRE: Jozi tatu, ndani ya buti ya saizi yako ileile.

NORMAND: Zinabana kidogo, lakini ni sufu—

ROSAIRE: Umevikaba vidole koo, halafu unafurahi kwamba vimenyamaza. Damu ipite wapi, chini ya mlango? Ile mifuko ya plastiki ya mkate iko wapi?

NORMAND: Kaka, jamani.

ROSAIRE: Mama alitufunga mifuko ya mkate juu ya soksi nyembamba tangu hatujui kufunga kamba za viatu. Jasho linabaki ndani ya mfuko, soksi nene ya juu inabaki kavu. Hakuna mtoto wake aliyeganda akienda shule. Iko wapi?

NORMAND: Tulivalia viatu nyumbani kwa Wendell. Mkewe ametandika zulia jeupe. Nikaona, mtu mzima na mfuko wa mkate mguuni—

ROSAIRE: Ukaona aibu.

NORMAND: Kidogo.

ROSAIRE: Mbele ya mtu aliyepata riziki maisha yake yote kwa kuchungulia midomo ya watu. Na sandwichi zenu umezifunga kwenye nini?

NORMAND: Mifuko ya mkate. Miwili.

ROSAIRE: Nyama ya nguruwe imevaa vizuri kuliko wewe. Vua buti.

NORMAND: Rosaire, kesho yanaanza majira ya machipuo. Unajua sheria yetu: kalenda ikishageuka, kilele hakihesabiwi. Nikishuka leo, nangoja mpaka Desemba. Na goti langu hili—

ROSAIRE: Soksi yangu ya kushoto, Jeanne huikata mbele akaishona fupi. Unajua kwa nini.

NORMAND: Najua.

ROSAIRE: Na ulikuwepo vidole vyangu vilipotulia. Vua.

NORMAND: [mkwaruzo] —soksi ya ndani imelowa chapa. Vidole vyeupe, kaka. Kama mshumaa.

ROSAIRE: Bonyeza kimoja. Ni kigumu?

NORMAND: Kinabonyea.

ROSAIRE: Basi Mungu bado anakuvumilia. Usisugue. Mwambie daktari wako afungue koti na shati, umwekee nyayo tumboni zipate joto.

NORMAND: Siwezi kumwambia Wendell kitu kama—

ROSAIRE: Ulimchagua wewe awe mwenzako wa mlimani. Mwenzako wa mlimani ni tumbo. Koti hata mbwa huvalishwa.

NORMAND: [mbali na simu] Wendell, samahani, nina ombi la ajabu kidogo... [kwenye simu] Anafungua vifungo. [yowe] Kaka, yowe alilopiga limesikika New Hampshire nzima.

ROSAIRE: Vizuri. Sasa ndiyo amepanda mlima. Simu hii uliibeba wapi?

NORMAND: Kifuani, betri isipate baridi.

ROSAIRE: Simu kifuani, nyama mfukoni. Miguu ndiyo ikawa yatima.

NORMAND: Betri yenyewe inakwi— [mkwaruzo] —Rosaire. Vinaanza kuuma. Vinauma vibaya.

ROSAIRE: Ndiyo. Ni damu inarudi. Viache viume.

NORMAND: Kilele kile pale, kaka.

ROSAIRE: Nakijua kilipo. Vaa soksi nyembamba kavu ya akiba, kisha mfuko, kisha nene jozi moja. Legeza kamba. Ukimaliza, utatazama juu au chini, mimi si mama yako.

NORMAND: Tunashuka.

ROSAIRE: Sijakuuliza.

NORMAND: Nimekuambia hivyohivyo. Desemba nitarudi. Na wewe, kama... utaweza, na mguu huo?

ROSAIRE: Mimi nina vidole saba na akili. Wewe una kumi.

NORMAND: Basi Desemba.

ROSAIRE: Nawasha gari, nitakungoja chini pale njia inapoanzia. Na Jeanne anasema huyo Wendell aje kula pai. Mtu aliyetoa tumbo lake harudishwi nalo tupu. Mwambie kwetu hakuna zulia jeu—

NORMAND: Kaka? Betri ime—

ROSAIRE: Mfuko uwe chini ya soksi nene, si juu yake. Chini, unasikia? Normand? Imekatika. Jeanne, viatu vyangu viko wapi?