Mdomo wa Don Primitivo

Baba padri, wanakikosi wenzangu wa mgodi wa Santa Brígida, akina mama, majirani, na nyinyi mliotoka mbali, mimi ni Severo Colque, mdogo wa marehemu, wa tumbo moja. Karatasi hii ameiandika binti yake, Nieves, nikimtajia, naishika mkononi kwa heshima tu, maana kusoma sijui, lakini maneno yote yamo kichwani, na kichwa changu kinabeba kuliko lori, mnajua wenyewe.

Marehemu Don Primitivo Colque Ari alizaliwa tarehe 10 Juni 1961, kijijini Quellokasa, kwenye baridi ya kupasua mawe, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu baba yetu Don Zacarías na marehemu mama yetu Doña Ignacia, akapewa jina la mtakatifu wa siku ile kama kalenda ilivyotaka. Mama alikuwa akisema mtoto huyu alitoka tumboni akatazama mlango kwanza, kama mtu anayepima pa kukimbilia. Alipokuwa na miaka saba, akichunga lama, alikaa chini ghafla kando ya mto mkavu akakataa kuvuka, baba akamchapa, naye akang'ang'ania jiwe, na kabla baba hajamaliza kuchapa, maji yakashuka kutoka mlimani yamebeba miti, ng'ombe na paa la kanisa, ndivyo nilivyosimuliwa na ndivyo ninavyosimulia.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Quellokasa kuanzia 1968 hadi 1971, akaacha, kwa sababu mwalimu alimuuliza amejuaje jibu, naye akasema amelijua tu, na mwalimu hakulipenda jibu hilo.

Mwaka 1978, mwezi wa tatu, aliingia mgodini Santa Brígida kuchimba bati, akaanza kwa kusukuma toroli, na serikali ilipofunga migodi yake na watu wakatawanyika, yeye alibaki, akawa miongoni mwa walioanzisha ushirika wetu mwaka 1987. Mimi nilimfuata mwaka uliofuata, na nisijisifu sana, nilikuwa na nguvu za wanaume wanne, lakini pua ya kaka sikuwa nayo.

Sasa hapa ndipo penye marehemu mwenyewe. Sisi wote asubuhi tunakaa mdomoni mwa mgodi, tunajaza majani ya koka shavuni na kipande cha majivu, tunangoja jani lilainike, likiwa tamu tunashuka, likiwa chungu mtu anajifikiria, na kila mwenye shavu anafanya hivyo tangu enzi za babu zetu. Tarehe 4 Oktoba 1994, kaka yangu alitia koka shavuni, hakutafuna hata mara mbili, akaitema, akasema, “Leo siingii, na Severo haingii.” Watu wakamcheka, Casiano Poma, aliyeko hapa mbele na magongo yake, akamwambia, “Don Primitivo, sema tu mkeo amekuchosha, tutaelewa,” lakini wakaketi naye, wakacheka wakiwa wamekaa, na tulikuwa bado tunacheka wakati njia ya namba tano mle ndani ilipoporomoka yote, vumbi likatoka mlangoni kama mlima umepiga chafya, mimi naamini lilifika Chile. Tulikuwa watu thelathini na mmoja, na wote tulirudi kula nyumbani. Nilimuuliza amejuaje, akaniambia, “Tumbo lilijua kabla yangu, Severo, mdomo ulitumwa tu.”

Tangu siku ile hakuna mtu aliyetafuna koka yake tena kwa kutafuta jibu. Tulitafuna kwa mazoea, macho yakiwa kwenye shavu la Primitivo, akisema ndiyo tunashuka, akisema hapana tunarudi, na hata ukoo ulipotaka kununua dume la lama, au binti alipochumbiwa, watu walimletea, naye alijibu hapohapo, kabla mtu hajamaliza swali.

Mke wake mwenyewe alimpata hivyohivyo. Alimwona shemeji yangu, Doña Hilaria Terrazas, sokoni, akiuza pichi alizoleta kutoka bondeni, akasimama, akasema, “Huyu,” mimi nikidhani anachagua pichi. Walifunga ndoa tarehe 16 Februari 1985, na Mungu akawajalia watoto watatu, Wilma, Edwin na huyu Nieves.

Shemeji hakuwahi kuupenda mlima huu. Kwao bondeni kuna mipichi, maji, hewa ya kutosha vifua viwili, na kila mwaka kaka alimwahidi watahama baada ya kanivali, kanivali ikapita, nyingine ikapita. Tarehe 2 Machi 2009 walipakia lori kweli, kitanda juu, kuku ndani ya sufuria, na walipofika kona ya chini wakakuta kikosi kizima tumekaa barabarani. Ndiyo, na mimi nilikaa, nilikaa katikati.

“Nenda tu, Don Primitivo,” Casiano akasema, “hatukuzuii, sisi tunapumzika.”

Shemeji akatoa kichwa dirishani. “Wanaume wazima mnamshika mtu kama mtoto anavyoshika sketi ya mama yake. Hamna midomo yenu?”

“Shemeji,” Casiano akajibu, “wewe unamtaka wa kulala naye. Sisi tunamtaka wa kutufikisha jioni.”

Kaka alibaki ameketi kando ya dereva pale, na ndiyo mara pekee maishani nilipomwona anachelewa kuamua. Kisha akashuka. Akamwambia mkewe watangulie, mwaka mmoja tu. Lori likaenda na kitanda, yeye akalala sakafuni kwangu, na ule mwaka mmoja ukafika miaka tisa. Aliniambia siku moja, tukipanda kutoka chini, “Severo, kama tungenasa ndani ya namba tano, tungekuwa tumeshachimbuliwa sasa, mimi nani atanichimbua?” Nilimwambia yeye ndiye mtu mkubwa kuliko wote mkoani, hata mkuu wa mkoa haombwi ruhusa na mlima. Akatangulia kupanda.

Mwaka 2018, mwezi wa Septemba, mapafu yalianza. Vumbi la miaka arobaini lilimkaba, daktari akasema mapafu yamekuwa mawe, na bondeni sasa hakuweza kwenda, maana hakuweza kuondoka kwenye mtungi wa hewa hata kufika barabarani. Shemeji aliacha mipichi yake akarudi kumuuguza, kwenye mlima uleule. Nasi kila asubuhi tulipita dirishani kwake, na helmeti zetu, tukaweka koka kizingitini, akainua jani, akatafuna, akasema ndiyo au hapana, akarudi kwenye mtungi wake.

Mwaka huu, tarehe 11 Mei 2023, alisema ndiyo, na nguzo ikavunjika, Casiano akapoteza mguu wa kulia.

Kuanzia siku iliyofuata alisema hapana. Kesho yake hapana. Wiki nzima hapana, mwezi hapana, tukiwa tumekaa mlangoni mwa mgodi kama watu wanaongoja basi lisilokuwepo, na hakuna aliyethubutu kushuka, hata mimi nisiyeogopa kitu. Ndipo akina mama wakaja dirishani, Doña Pascuala mbele.

“Don Primitivo, koka yako imegeuka kwinini? Kila siku chungu, chungu. Kwangu tunakula viazi vikavu na hasira.”

“Onja wewe basi, Doña Pascuala,” kaka akasema, pumzi ikikatika.

“Nionje mimi? Nikionja ni tamu, halafu jioni niitwe mjane? Onja wewe uliyezoea.”

Tarehe 6 Agosti, sikukuu ya taifa, alituita wote, chumba kikajaa hadi uani. Alimwomba shemeji pilipili ya lokoto, ile kali, iliyosagwa na mbegu zake, na nyinyi mnaijua lokoto ya shemeji, imewahi kumliza askari. Akala kijiko kizima. Akala cha pili. Hakukunja uso, hakudondosha chozi, mdomo ukabaki mwekundu tu.

Watu wakapiga makofi. Mtu nyuma akasema, “Mwanaume huyo, hata kifo kitasubiri.”

“Nyamazeni,” shemeji akasema. “Hasikii ladha. Tangu Pasaka hasikii ladha yoyote, chumvi, sukari, koka, yote maji. Ameniapisha nisiwaambie.”

Hakuna aliyemwamini, nami nikiwemo, mmoja akasema Don Primitivo anatupima. Ni Casiano aliyesogea, magongo yakigonga, akakaa ukingoni mwa kitanda.

“Na siku ya mguu wangu?”

“Siku ile mdomo ulikuwa umeshakufa, Casiano,” kaka akasema. “Na tumbo lilikuwa kimya. Mlikuwa mmesimama pale wote, mnanitazama. Nikasema ndiyo ili muondoke.”

Casiano akamwinamia, mimi nikasogea, nikijua gongo ni zito, lakini alichofanya ni kuvuta mkono wa sweta yake, akamfuta kaka pilipili mdomoni, taratibu, kama unavyomfuta mtoto.

“Ulipaswa kutuambia lini tukuache uondoke?” akauliza.

“Siku ya lori,” kaka akasema. “Siku ya lori tumbo lilipiga kelele, nikalinyamazisha.”

Kisha akasema neno lake la mwisho kwa kikosi: kila mtu na shavu lake, na anayeona chungu arudi nyumbani, na asichekwe.

Alifariki tarehe 14 Agosti 2023, saa tisa alasiri, akiwa ameshikwa mkono na mkewe, uso kuelekea mlangoni, kama alivyozaliwa.

Kwa niaba ya familia namshukuru daktari na wauguzi wa zahanati, majirani waliobeba mitungi ya hewa mgongoni kupanda kilima hiki, akina mama waliopika, pamoja na Doña Pascuala aliyemtukana na bado akamletea supu, ushirika kwa jeneza, na yule shetani mwenye mgodi tunayemwita Mjomba, chini kule, padri anisamehe, kwa kumrudisha kaka kila jioni. Casiano, wewe nakushukuru peke yako.

Shemeji Hilaria anaondoka kesho na Nieves kwenda kwenye mipichi yake, na safari hii hakuna mtu atakayekaa barabarani, nitasimama pale mimi mwenyewe nihakikishe, na mnajua mwili wangu.

Jambo la mwisho. Tangu asubuhi kuna watu wanne wamenijia kando kuniuliza kama kesho tunashuka, eti mimi ni damu yake. Wenzangu, mimi nimejisifu mambo mengi mbele yenu, lakini hili hapana. Nina koka shavuni nikisema haya, na ni chungu, chungu kuliko siku zote, na kama ni mlima au ni kaka yangu, sijui. Kila mtu na shavu lake.

Lala, Primitivo, mwana wa Ignacia. Hakuna anayekuja dirishani. Vuta hewa yako, pumzika.