Sabuni Ndani ya Ekseli

Hapo Manyatta, ukifuata mlio wa kompresa utafika kwenye benchi la Obeid, ubao uliokalia springi mbili kuukuu za lori. Kazi ya Obeid ni kupiga vyuma kwa mchanga: anapuliza mchanga mkavu kwa nguvu ya hewa mpaka kutu na rangi ya zamani vikimbie, chuma kibaki uchi. Ndiyo maana wanamwita Mchanga. Ana hasira za karibu, na hakwenda chuo chochote, lakini hujisifu kwamba hajawahi kumficha mteja kitu. Asubuhi hiyo alizima kompresa ghafla, akavua kofia ya kujikinga, akaketi bila kuagiza kahawa. Mama Rehma, muuza kahawa wa hapo, alimmiminia tu, maana uso wake haukuwa mzuri.

— Nyinyi, njooni mnuse hii kitu.

Ondiek wa bodaboda, aitwaye Breki kwa sababu pikipiki yake haina, aliinamia ekseli iliyolala juu ya matairi.

— Yawa. Inanukia kama nguo ya Jumapili.

— Ni sabuni. Sabuni ya mche. Juu walipaka rangi nyeusi, chini ya rangi puti ya kuziba nyufa, chini ya puti sabuni. Na chini ya sabuni, angalia.

Ufa ulizunguka nusu ya chuma. Kidole cha Obeid kiliingia.

Khaemba, fundi viatu ambaye kijiwe kizima kinamwita Wakili, alisahau kikombe mdomoni.

— Hii ndiyo ekseli Griffins alinunua ya Land Rover yake ya abiria?

— Hiyo hiyo. Ya mbele. Akirudi leo nilikuwa nimfungie.

— Basi mimi najua, alisema Ondiek. Gari ilikotoka hii ekseli ilipigwa na kiboko. Kiboko ya Asembo Bay ikikasirika haichagui.

— Kiboko gani anaweka sabuni, omera? aliuliza Obeid.

— Sabuni waliweka wenyewe, kuzuia oili isivuje. Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge.

— Hapana. Chuma hakipasuki hivi bure, alisema Wakili. Hapa palikatwa kwa msumeno. Walikuwa wanapitisha dhahabu mpakani, ndani ya ekseli. Askari akigonga, anasikia chuma. Akinusa, anasikia sabuni. Samaki mkunje angali mbichi.

— Dhahabu na samaki zinaingiliana wapi?

— Wewe kunywa kahawa, Breki.

— Mimi nasema ilizama ziwani, alisema Mama Rehma. Feri iliinama, gari ikaenda chini na watu wake. Hiyo sabuni ni ya kuosha mkosi.

Obeid aligonga kikombe chini, kahawa ikamrukia mguuni.

— Mkosi ni mtu. Mtu na akili yake alikaa, akasugua sabuni kwa ufa, akapaka puti, akapaka rangi, akauza. Akijua wamama watapanda hiyo gari. Mimi mtu kama huyo nikimshika nitampiga mchanga mpaka jina limtoke.

Hapo ndipo Ajwang alipofika, msichana anayeuza omena pale sokoni, beseni tupu kiunoni.

— Baba Obeid, Griffins amefika? Mama yangu anapanda na yeye kutoka Luanda Kotieno, na mzigo.

— Bado. Keti, mama.

Hakuketi. Aliutazama ule ufa.

— Hii ni ya gari yake?

— Ni ya mbele, bado haijafungwa, alisema Wakili haraka. Usiogope. Alinunua mbili kwa mtu mmoja. Hii ndiyo ilikuwa mbaya mbaya, kutu ikitokeza kwenye rangi. Ya nyuma ilikuwa nzuri, inang'aa, ikafungwa jana.

— Hiyo ya nyuma mliipiga mchanga?

Mama Rehma aliacha kumimina. Ondiek alitazama matairi. Obeid alihisi maneno yake mwenyewe ya jana yakimrudia, vile alivyopangusa rangi nyeusi ya ekseli hiyo ya nyuma kwa kiganja mbele ya Griffins, akacheka, akasema: "Hii usipoteze mchanga yangu, bwana. Kizuri chajiuza."

Alitoa simu, akapiga.

Kitu kikaanza kulia ndani ya kibanda cha kompresa. Wote waligeuka. Simu ya Griffins ilikuwa inaning'inia kwenye msumari pale alipoiacha ikichajiwa, ikiwaka na kuzima, na jina juu yake: Mchanga.

Obeid hakuikata. Alikuwa amekwisha kupanda nyuma ya pikipiki, glavu zake za kazi bado mkononi.

— Washa, Ondiek.

— Breki je, mzee?

— Washa. Tumkute kabla hajapakia watu.