Kisufuria cha Kaka Gaspar

Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu waombolezaji, mie ni Gregori, mdogo wake marehemu, ukoo umenipa kazi ya kusoma haya, nami nimeyaandika kwa elimu yangu ya darasa la nne, mnivumilie.

Marehemu Gaspar Kamugisha alizaliwa tarehe 6 Januari 1924 huko Kamachumu, Bukoba, akasoma shule ya misheni hadi darasa la sita, akaacha mwaka 1938 baba alipofariki, ili nami nipate kusoma, na mie nikaishia hapo mnapopajua.

Mwaka 1949 aliajiriwa mpishi wa shule ya bweni huko Temeke, akapikia wanafunzi mia tatu miaka ishirini na miwili, Uhuru ukamkuta jikoni, anaonja chumvi kwenye kiganja. Tarehe 10 Agosti 1957 alifunga ndoa na Demetria, ambaye Mungu alimchukua mwaka 1965, hawakujaliwa mtoto, na tangu hapo aliishi peke yake katika chumba kimoja Mwananyamala, ila Jumapili baada ya Misa alikuja kula kwangu Buguruni.

Mwaka 1971 alianza kuumwa kichwa na kuvimba miguu, daktari akamweleza kwamba wapo watu ambao chumvi inawapandisha presha kuliko wengine, presha inaumiza figo, mwili nao ukitaka kuziponya unaleta uvimbe ndani kwa ndani, na uvimbe huohuo ndio unaozidi kuziharibu, kwa hiyo chumvi basi. Akaacha kazi, maana angeonjaje, akawa anakuja na kisufuria chake kimefungwa kitambaa, anakula pembeni, sie tuko kwenye sinia.

Hapa naungama mbele ya Mungu na mbele yenu. Pasaka ya 1973 tulikuwa na wageni, nikaona aibu, nikamwambia wote wakisikia kwamba kaka, kama mke wangu Yustina ni mchawi sema tu wageni wajue, watu wakacheka, yeye akakifunika kisufuria, akanawa mikono, akasogea kwenye sinia. Hakukileta tena. Kila Jumapili alikula nasi samaki wa chumvi, akimwambia Yustina kwamba shemeji, mkono wako ungefaa shule nzima, nami nilijiona nimemrudisha ndugu yangu.

Mwezi uliopita alilazwa, figo zimekwisha, nikamuuliza kwa nini alinitii, akasema Gregori, siku sita nilikuwa nakula peke yangu, ya saba ikanishinda. Alifariki juzi Jumamosi, tarehe 9 Novemba 1974, saa nne asubuhi, mie nikiwa bado njiani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wapishi wenzake wa Temeke, majirani wa Mwananyamala, na Mzee Mfaume, balozi wetu wa nyumba kumi, aliyeshika jembe kaburini tangu asubuhi.

Tukitoka hapa chakula kipo Buguruni, wali na maharage, sufuria zote zimepikwa bila chumvi, nimemwomba Yustina iwe hivyo, tusogee kwenye sinia tule hivyohivyo.

Kaka Gaspar, pumzika kwa amani, leo sote tunakula cha kwako.