Mwalimu Ewoi na Siku za Kupumzisha Mkono

Baba Paroko, wazee wetu, walimu, majirani, watoto wa timu, na ninyi mliosimama juani kwa sababu turubai haikutosha, nawasalimu kwa salamu ya kwetu, ejok. Familia imenipa mimi, mdogo wake marehemu, kazi ya kusoma maisha yake, nami nitayasoma kama tulivyoyaandika jana tukiwa tumeketi na mjane wake, na mkiona nasoma bila machozi msinihesabie vibaya, kwa kuwa nyumba nzima imekufa ganzi tangu Jumanne ile na hatujui ganzi hii itatutoka lini.

Marehemu Mwalimu Gervas Ewoi Lopeyok alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Kaikor, Turkana Kaskazini, akiwa kifungua mimba wa mzee Lopeyok na mama Nakaale, ambao wote wawili wametutangulia. Utoto wake aliupitisha nyuma ya mbuzi, na kusema kweli hakuiweza kazi hiyo, alikuwa akilala kivulini na mifugo ikijiendea ilikotaka, hata baba yetu akaamua kwamba mtoto anayepoteza mbuzi apewe serikali imsomeshe, na wale wanaojua kuchunga wabaki nyumbani. Marehemu aliisimulia habari hiyo mwenyewe kila mwaka siku ya wazazi, na wazazi walicheka kila mwaka kana kwamba ni mara ya kwanza kuisikia.

Alianza darasa la kwanza hapo Kaikor Januari 1980, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1987, akajiunga na shule ya upili ya bweni mjini Lodwar kuanzia mwaka 1988 hadi 1991, kisha akaenda chuo cha ualimu mwaka 1993 na kufuzu mwaka 1995. Tarehe 8 Januari 1996 aliripoti shule ya msingi huko Kakuma, akafundisha hisabati na sayansi kwa miaka kumi na mitatu, na Mei 2009 akahamishiwa hapa Lodwar, ambako alikuwa naibu mwalimu mkuu hadi mauti yalipomfika.

Tarehe 18 Desemba 1999, katika kanisa la hapa Lodwar, alifunga ndoa na Chelangat, muuguzi aliyeletwa na kazi kutoka Bomet, ingawa wazee wa Kaikor walisema waziwazi kwamba pete ni pete na ndoa ni ndoa, wakaendelea kumwita mgeni hadi Agosti 2006 fahali wa ndoa ya kimila alipochinjwa nyumbani kwa baba, ndipo wakamwita mke wetu. Mungu aliwajalia watoto wawili, Namuria aliyezaliwa tarehe 3 Juni 2001, na Lopeyok aliyezaliwa tarehe 21 Oktoba 2005, na wote wawili wako hapa mbele.

Kuhusu besiboli, ambayo ndiyo iliyowaleta wengi wenu, ilianza Kakuma mwaka 2004, alipofika afisa wa vijana aitwaye Omollo, mtu wa Migori, akiwa na gunia la glavu na gongo moja, na marehemu akaenda uwanjani kwa sababu tu uwanja ulikuwa wa shule yake na alitaka kujua nani anauchimba. Alibaki miaka ishirini na moja. Kwa wasioujua mchezo huu, mtoto mmoja husimama kwenye kilima kidogo cha udongo akarusha mpira, na mwingine hujaribu kuupiga kwa gongo, na timu ikipata mrushaji hodari hutamani arushe yeye peke yake asubuhi mpaka jioni. Hapo ndipo Omollo alipomfundisha marehemu jambo aliloshika kama amri ya kanisa, kwamba mfupa wa mtoto haujakomaa, na mkono unaorusha bila kupumzishwa huharibika kabla mwenyewe hajaota ndevu.

Kwa hiyo akaweka sheria yake, mipira sitini kwa mechi, kisha siku nne mkono usirushe chochote, na kwa kuwa hakumwamini mtu yeyote kuhesabu kichwani wakati wa kelele, aliweka kokoto sitini ndani ya mkebe, kila mpira ukirushwa kokoto moja inatolewa, na mkebe ukiisha unapinduliwa chini juu, na mrushaji anatoka, hata timu iwe inashinda, hata mkuu wa wilaya awe amesimama akipiga makofi. Alitukanwa kwa ajili ya mkebe huo Lodwar na Kakuma, kwa Kiturkana, na kwa Kiswahili cha Kongo na Kiarabu cha Juba cha wakimbizi wa kambini Kakuma, naye akatia nta masikioni.

Mwaka 2023 alimpata Akal, binti wa mzee Lokaale wa ng'ambo ya mto Turkwel, wakati huo akiwa na miaka kumi na mitatu, na wale waliomwona akirusha wanajua kwa nini marehemu alirudi nyumbani siku hiyo akasahau kula. Lakini ilipofika Desemba ya mwaka huohuo kiwiko cha Akal kilivimba, ingawa mkebe ulikuwa umeheshimiwa na siku nne zimetimizwa, na marehemu akakasirika, akamshutumu binti kwamba anarusha mipira kwa siri, akamwondoa kikosini, naye Akal akairudisha glavu, kwa sababu amefunzwa asibishane na mwalimu. Baada ya wiki moja marehemu alivuka mto kwenda kumshtaki kwa baba yake, na huko akamkuta Akal nyuma ya mbuzi, na mbuzi mmoja akielekea kwenye mathenge, vile vichaka vya miiba, naye Akal akaokota jiwe akalirusha likatua mbele ya pua ya mbuzi, mbuzi akageuka, kisha jingine, kisha jingine, kama afanyavyo kila mtoto wa Kiturkana tangu anapojua kusimama. Marehemu, aliyezaliwa Kaikor, aliyekua nyuma ya mbuzi kama hao, hakuwa amewahi kufikiri kwamba akimwambia mtoto nenda nyumbani ukapumzike, anampeleka kwenye mawe.

Alimwomba binti msamaha palepale, akamgeukia mzee Lokaale na kumwomba amwondolee Akal kuchunga katika siku zile nne, na mzee, ambaye yuko hapa na ameturuhusu kuyasema haya, akamjibu, "Mwalimu, mbuzi haina likizo, na mimi sina mtoto mwingine." Marehemu akasema basi atachunga yeye.

Tulicheka, sitaficha. Naibu mwalimu mkuu mwenye viatu vilivyopigwa rangi, akivuka mto alasiri kwenda kuchunga mbuzi wa mtu mwingine, na tena mchungaji mbaya vilevile alivyokuwa, maana mara mbili alirudi mbuzi wakiwa pungufu, Akal akatoka kuwatafuta, na mzee Lokaale akamtania kwamba kwa mwalimu wa hisabati hesabu hizi ni za ajabu. Lakini kiwiko kilipona, na tangu hapo kila Akal aliporusha mipira sitini, marehemu alichunga siku nne.

Juni 2022 marehemu alikuwa ameanguka darasani, akapatikana na shinikizo la damu, na daktari akamwandikia dawa za kila siku, chumvi kidogo, na asitembee juani. Dawa alimeza, chumvi alipunguza kwa kuwa sahani ilikuwa mikononi mwa Chelangat, ila jua ndilo lililomshinda kuepuka. Mke wake alimwambia, siku zote akiwa ameshika kile kipimo cha presha, kwamba anapumzisha mikono ya watu huku moyo wake mwenyewe anauchosha, na yeye alijibu kwamba atapumzika shule zikifunga, na shule zikafunga, zikafunguliwa, zikafunga tena. Mganga hajigangi.

Jumamosi tarehe 12 Aprili 2025 timu ilikwenda Kakuma, ikawa mbele kwa pointi moja, mkebe ukapinduliwa, Akal akatolewa, na timu ikashindwa. Ndani ya lori la kurudi Lodwar hakuna aliyezungumza na marehemu. Jumapili baada ya ibada alikwenda kwa mbuzi, Jumatatu akaenda, na Jumanne tarehe 15 akaenda, na saa kumi na mbili jioni mbuzi walirudi wenyewe bila mtu nyuma yao, Akal akawahesabu na walikuwa wametimia wote. Walimkuta ameketi kwenye ukingo wa laga, kijito kilichokauka, ameegemea gogo, hawezi kusema, akafikishwa hospitali ya rufaa hapa Lodwar, madaktari wakafanya yote waliyoweza, na saa tatu usiku akafariki dunia akiwa na umri wa miaka hamsini na minne, Chelangat akiwa amemshika mkono.

Kuna maneno yanayosemwa kando kwamba mbuzi wa Lokaale ndio waliomuua, na familia inaomba maneno hayo yaishie hapa leo. Mzee Lokaale ameketi nje ya nyumba yetu tangu usiku ule, na Chelangat amempelekea chai kila asubuhi kwa mkono wake mwenyewe. Hatuna neno naye, na kwa binti yake hatuna neno kabisa.

Juzi, Alhamisi tarehe 24, ilikuwa siku ya marudiano na Kakuma, wengi wakataka yaahirishwe, Chelangat akakataa. Namuria ndiye aliyeshika mkebe. Hakukuwa na kocha, watu walikuwa wakiimba jina la Akal, timu ilikuwa mbele, na Namuria anasema kokoto zilipoisha hakuweza kuupindua mkebe, akabaki ameukumbatia. Akal aliutazama, akauweka mpira chini, akatoka mwenyewe. Kakuma walishinda tena.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Lodwar waliohangaika na marehemu, inawashukuru majirani waliotuletea maji na kuni bila kuombwa, walimu wenzake waliochukua vipindi vyake, wanafunzi wa Lodwar na wa Kakuma, na ndugu Omollo, aliyefika jana kwa ajili ya mazishi, ambaye mnaulizana kwa nini haonekani hapa, na jibu ni kwamba leo ni siku ya pili baada ya mechi, na mbuzi wa mzee Lokaale wako naye ng'ambo ya mto.

Jambo la mwisho ni ombi la Chelangat kwa wazee. Muda si mrefu tutatia udongo, na Akal atatia wa kwake kwa mkono wa kushoto. Tunajua mkono wa kushoto si heshima mbele ya kaburi, na yeye anajua, alikuja jana kuomba ruhusa na akalia kuliko sisi sote, lakini mkono wa kulia una siku mbili bado, na aliyemkataza kurusha nao ndiye huyu tunayemzika. Msimgombeze.

Mwalimu, mkono wa mtoto umepumzika. Zamu yako, kaka, pumzika kwa amani.